Chumvi Kwenye Barafu

Umeme ukikatika, wengine hulilia mpira watakaoukosa na simu zitakazozimika. Mama Tone alikuwa akililia friji, wala si kwa ajili ya nyama au maziwa. Kwenye mlango wa friji lile, kando ya mayai, kulikaa kichupa kimoja kidogo cha kuenea kiganjani, na humo ndimo ulimokuwa uhai wa mtoto wake. Tone alikuwa na miaka kumi na alikuwa na kisukari, kile cha watoto, kile ambacho mwili umekataa katakata kujitengenezea dawa yake. Kwa hiyo dawa ichomwe kwa sindano, asubuhi na jioni, leo na kesho na maisha. Isipochomwa, sukari hupanda, na ikipanda sana huondoka na mtu. Daktari hakumficha hilo. Alimtajia na dalili zake: kiu isiyokatika, haja ndogo za kila mara, kutapika, na mwisho kabisa pumzi inayonukia kama tunda lililoiva likapitiliza. "Ukiisikia harufu hiyo," alimwambia, "usingoje mtu wala kitu. Mlete."

Basi umeme ulikatika juzi jioni, tena katikati ya joto la kuwatoa watu nje na mikeka yao. Mtaa ukaingia giza, majirani wakaanza kubishana kama transfoma imeungua au imeibwa. Mama Tone hakubabaika. Yeye ni mwalimu wa sayansi, watu wa aina hiyo hawababaiki, wana akili ya ziada. Alikwenda kwa muuza samaki akanunua barafu, akaiponda, akaijaza kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, akakidumbukiza kichupa katikati. Kisha, kwa kuwa alikuwa na akili hiyo ya ziada, akanyunyizia chumvi. Barafu ikitiwa chumvi huzidi kuwa baridi. Hilo alilifundisha kila mwaka, na watoto walilipenda kuliko somo lolote.

Jamani, elimu ni kitu kizuri, lakini mganga hajigangi.

Asubuhi alikuta kichupa kimeganda, kimekuwa jiwe jeupe. Alishtuka kidogo, akakifumbata, akakipumulia, akakibana kwapani huku akipiga pasi sare ya mtoto kwa pasi ya mkaa. Dawa ikayeyuka. Aliitazama dirishani, akaiona safi kama ilivyokuwa. Maji yakiganda ni maji, yakiyeyuka ni maji yale yale. Hilo nalo alilifundisha kila mwaka. Akamchoma mtoto. Jioni akayeyusha tena, akamchoma. Na asubuhi ya leo pia.

Yule muuguzi aliyemkabidhi dawa kwa mara ya kwanza alimwambia iwekwe mahali pa baridi lakini isigande. Alimwambia, hakuna ubishi. Ila alimwambia siku ile ile aliyoelezwa kwamba mwanawe ana kisukari, na siku kama hiyo masikio ya mama husikia neno moja tu, mengine yote hupita na upepo.

Sasa tangu jana Tone alikuwa akinywa maji. Alikunywa ya mtungini na ya birikani, akaamka usiku kwenda msalani, akarudi, akanywa tena. Mama mtu akasema ni joto. Kila mtu alikuwa akinywa maji siku zile, hata kuku walikuwa wameacha kula wanakunywa tu. Vipande vya kupimia sukari vilikuwa vimemwishia, na duka la dawa lilimwambia arudi kesho, kesho ikawa kesho kutwa. Lakini asubuhi hii alipomwona mtoto ameketi kitandani na soksi moja mguuni, nyingine ameishika tu kana kwamba amesahau kazi yake, moyo ulimlipuka.

"Unaumwa?"

"Nimechoka tu, mama."

"Twende hospitali?"

Tone alifikiri. "Na barafu je? Si leo ndiyo siku ya mkaguzi?"

Ndiyo, leo ndiyo siku ya mkaguzi. Mwalimu mkuu alikuwa amelitangaza jambo hilo mpaka kwa mpishi na mlinzi: mkaguzi anakuja kutazama kipindi kimoja tu, na kipindi hicho ni cha sayansi, hali tatu za maada, darasa la Mama Tone. "Mwalimu, usiniangushe," alimwambia. "Na tafadhali, watoto wasitoke-toke nje kama kuku wa jirani. Mkaguzi huyu hapendi." Mama Tone akajiambia kipindi ni dakika arobaini. Kikiisha, atamchukua mtoto moja kwa moja hospitali. Dakika arobaini si kitu, alijiambia, na alijiambia hivyo njia nzima, huku ameshika ndoo ya barafu mkono mmoja na mkono wa Tone mkono wa pili. Mkono ule ulikuwa mkavu, na hakuupenda ukavu wake.

Langoni mwa shule alivaa koti lake jeupe, na hapo lazima tuseme habari ya koti. Tangu Tone aingie darasani kwa mama yake, wawili hawa walikuwa na sheria: koti likiwa mwilini, huyu ni Mwalimu, hana mtoto, na Tone ni mwanafunzi kama wengine. Koti likivuliwa, ni Mama. Sheria ilitungwa ili watoto wengine wasione upendeleo, lakini Tone aliishika kuliko hata mama aliyeitunga. Tena aliigeuza mchezo. Kila jioni, koti likishatundikwa msumarini, alikuwa akikaa jikoni na kumshtaki Mwalimu kwa Mama. "Mama, leo Mwalimu amenikaripia na sikuwa nimeongea mimi." Na Mama, huku akikata vitunguu, anakunja uso na kusema, "Huyo Mwalimu nitamwona." Kisha wanacheka. Kilikuwa kichekesho chao cha kila siku na hakikuwachosha.

Basi koti likafungwa vifungo, na Tone mwenyewe akauachia mkono wa mama yake, akaenda kukaa dawati la mbele kabisa, pembeni mwa msichana mmoja waliyemwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Mkaguzi aliingia, mwanamume mpole mwenye tumbo na leso, akaketi nyuma karibu na mlango. Mwalimu mkuu alisimama dirishani kwa nje, akijifanya anakagua maua. Mama Tone akaanza.

Alifundisha vizuri, nani aseme uongo. Aliweka bonge la barafu kwenye glasi, akaiweka glasi kwenye dawati la mbele ili wote waione ikiyeyuka. Aliwapa jiwe walibane, wakasema limekataa kubadili umbo. Aliwaita wanne mbele akawasimamisha wamebanana bega kwa bega wasitikisike, akasema hivi ndivyo chembe za kitu yabisi zilivyo. Akawaambia wateleze, wapishane bila kuachana, hicho ni kimiminika. Akawaambia watawanyike, kila mmoja na kona yake, hiyo ni gesi. Darasa likacheka. Mkaguzi alitabasamu. Lakini macho ya Mama Tone yalikuwa yakirudi dawati la mbele kila baada ya sentensi mbili, kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu.

Tone alinyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba ruhusa niende nje."

"Nenda, urudi haraka."

Alikwenda, akarudi akijishika ukutani. Haikupita muda mkono ukanyooka tena.

"Mwalimu, naomba ruhusa niende nje."

Mkaguzi aliinua macho. Kule dirishani mwalimu mkuu aliacha maua. "Umetoka sasa hivi, Tone," alisema Mama Tone, na sauti ilimtoka ngumu kuliko alivyotaka. "Kaa chini. Subiri."

Tone akakaa. Mama mtu akageukia ubao, akaandika neno *kuyeyuka*, na herufi zikapanda mlima. Bado nusu saa, alijiambia. Ee Mola, nusu saa tu. Nyuma yake darasa lilianza kucheka. Alipogeuka, glasi ya mfano ilikuwa mdomoni mwa Tone. Mtoto alikuwa ameyanywa maji yote ya barafu, na bonge lililosalia linamgonga meno.

"Mwalimu, Tone amekunywa somo," alisema Redio.

Hata mkaguzi alicheka. Mama Tone alijilazimisha kucheka pia. Akamnyang'anya mtoto glasi kwa upole. Tone alimtazama kwa macho yaliyozama, macho ya mtu anayetazama kutoka mbali, akasema polepole, "Samahani, Mwalimu. Naomba kwenda nje."

"Nimesema subiri."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Kuna maneno ambayo mtu akiyasema, hata akiishi miaka mia hayameng'enyeki tumboni.

Akaendelea, kwa kuwa alikuwa ameanza na hakujua namna ya kuacha. Aliwaeleza kwamba barafu ikipashwa moto huwa maji, na maji yakipozwa sana huwa barafu, na kwamba katika safari hiyo hakuna kinachopotea. Kitu hubadili hali, hakibadiliki chenyewe. Kwenda na kurudi. Redio alikuwa na mkono juu kwa muda mrefu.

"Mwalimu, kila kitu kikiganda halafu kikayeyuka kinarudi vilevile?"

"Ndiyo. Ndiyo maana tunasema—"

"Nyanya je? Sisi nyumbani nyanya iliingia kule kwenye barafu kwa bahati mbaya. Ilipoyeyuka ikawa uji. Ukiitazama kwa nje ni nyanya, ukiishika inakufia mkononi. Mama akaitupa."

Mkaguzi alijiegemeza mbele kusikiliza jibu. Mama Tone alikuwa na jibu, walimu huwa nalo daima kwa maswali ya namna hii. "Swali zuri sana," alisema. "Hilo ni somo la siku nyingine." Akalivuka, kama mtu anavyovuka mfereji bila kutazama kilicho ndani.

Ikabaki gesi. Kwa gesi alikuwa na mchezo wake: hufungua kichupa cha manukato mezani, anawaambia watoto wafumbe macho, na yeyote atakayeisikia harufu anyooshe mkono. Mikono hupanda kuanzia mbele kwenda nyuma, mstari kwa mstari, na hapo hata mtoto mzito huelewa kwamba gesi inatembea. Alifungua kichupa. Watoto wakafumba macho. Darasa likatulia kabisa, na katika utulivu huo alisikia mtu anapumua. Mtu alikuwa anapumua kwa nguvu, kwa kuvuta ndani sana, kama aliyepanda ngazi ndefu na mzigo kichwani.

Redio alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, akiwa bado amefumba macho. "Nimesikia, Mwalimu. Ila si manukato. Ni kama ndizi zilizoiva sana, zile nyeusi. Inatoka upande wa Tone."

Mama Tone alisogea hatua moja, akainama. Aliisikia.

Ndipo nyanya ya Redio ikamrudia kichwani, na baada ya nyanya kile kichupa, jiwe jeupe kiganjani mwake, naye anakipumulia kwa mahaba, anakibana kwapani. Ukiitazama kwa nje ni dawa. Siku mbili alikuwa anamchoma mwanawe maji. Akashika dawati. Tone alikuwa amelaza kichwa juu ya mkono, midomo imekauka hadi imepasuka, na alipomgusa shavu hakufumbua macho.

"Tone," aliita. "Tone, mwanangu. Tone."

Watoto walifumbua macho kwa mshangao, kwa kuwa darasani humo neno mwanangu halikuwahi kusemwa. Alimnyanyua mtoto, glasi ikaanguka ikavunjika. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaingia mlangoni. "Mwalimu, kuna nini, mkaguzi yupo hapa..."

"Mkaguzi ana gari?" aliuliza Mama Tone. Alimuuliza mwalimu mkuu, na ukuta, na yeyote aliyekuwa na masikio. "Niambieni, ana gari?"

Mkaguzi alikuwa ameshasimama na funguo mkononi. Huyo mtu Mungu amlipe, hakuuliza swali hata moja.

Ndani ya gari Mama Tone alimpakata mtoto kiti cha nyuma, na mtoto mwenyewe, ambaye juzi tu alikuwa akilalamika kwamba amekuwa mkubwa wa kupakatwa, alimlalia mzima mzima. Akatapika maji yale yale ya somo, yakalowanisha koti. Mama alimsemesha njia nzima. Alimuuliza hali tatu za maada, majina ya majirani, nani alikula kipande kikubwa jana. Alimwomba ajibu lolote, hata la kijinga. Foleni ilipowasimamisha, mkaguzi alikandamiza honi na kuanza kutukana madereva matusi ambayo hakuna shule inayoyafundisha. Mama Tone aliweka sikio kifuani mwa mtoto. Mradi anapumua, alijiambia. Harufu ile ilikuwa imejaa gari zima, ikimfundisha somo lake mwenyewe la gesi.

Hospitali walimpokea mikononi mwake, wakamkimbiza ndani, wakamwacha amesimama na mikono wazi. Pale pale bibi mmoja akamshika koti. "Daktari, samahani, mgonjwa wetu wa pale dirishani hajaonwa tangu asubuhi." Mama Tone alimtazama bila kuelewa. "Mimi si daktari, bibi," alisema. "Mimi ni mwalimu tu." Na akaanza kulia kwa sauti, hadi bibi yule akaacha habari za mgonjwa wake, akamkalisha kwenye benchi.

Daktari mwenyewe alitoka baada ya muda, msichana mdogo mwenye viatu vya raba. "Mama, anachomwa sindano zake?"

"Zote. Sijaruka hata moja."

"Dawa imekaa wapi hizi siku za giza?"

Akamweleza. Barafu ya muuza samaki, chupa ya chai. Alipofika kwenye chumvi sauti ilififia.

"Iliganda?"

"Iliganda. Nikaiyeyusha."

"Ikiganda imekufa, mama. Haifufuki."

"Niliiona safi," alisema Mama Tone. "Niliitazama dirishani, ilikuwa safi kabisa. Mimi ni mwalimu wa sayansi, daktari. Leo asubuhi nimewafundisha watoto hamsini kwamba inarudi."

"Hayo tuyaweke kando kwanza. Ameshawekewa dripu na dawa nzima. Sukari ilikuwa juu sana na damu imechafuka. Hatujavuka, nisikudanganye. Keti naye, msemeshe."

Akaketi naye. Wodi ilikuwa na joto, feni la dari limesimama, maana jenereta lilikuwa la mashine tu. Dripu ilidondoka tone kwa tone, na yeye akawa anayatazama matone yale na kuombea kila moja. Maji yakimwagika hayazoleki, watu husema, na yeye alikaa pale akijaribu kuyazoa kwa macho. Alimwahidi Mungu mambo mengi. Aliahidi kuacha kufundisha, kisha akaona hiyo si sadaka, akaahidi kitu kingine. Alimsemesha mtoto hadi maneno yakaisha, akaanza kumtajia vitu vya jikoni: mwiko, ungo, kinu, kibao cha kukatia vitunguu. Muuguzi alikuja kupima, akaondoka, akaja tena. Mara ya tatu alisema sukari imeanza kushuka, ila kidogo, wasifurahi mapema.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa pili wa dirisha Tone alipofumbua macho. Alitazama dari, akatazama mpira wa dripu, kisha macho yakatua kwenye koti jeupe lililokuwa limemwinamia, lenye madoa ya chaki na matapishi.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Naomba ruhusa niende nje."

Mama Tone alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Akaanza kufungua vifungo, vidole vikamkataa, kimoja kikakatika kikaruka chini ya kitanda. Akalivua koti, akalitupa sakafuni. Tone alikuwa akimtazama kwa makini, kama alivyomtazama kila jioni, akingoja sheria itimie.

"Mama," alisema sasa.

"Niko hapa, mwanangu. Niko hapa."

"Leo Mwalimu alininyima ruhusa. Nilimwomba na akaninyima."

Jibu lake Mama Tone alilijua. Alikuwa amelisema jioni nyingi zisizo na hesabu, akicheka, machozi ya vitunguu yakimtoka. Alilitafuta sasa, akaliinua kama mtu anayeinua gunia.

"Huyo Mwalimu," alisema, "nitamwona."

Tone alifumba macho tena. Pumzi yake bado ilikuwa nzito, na harufu ile bado ilikuwamo, lakini mkono wake ulitambaa juu ya shuka hadi ukaupata wa mama yake.

"Usimseme sana," alisema. "Alikuwa na mgeni."